Mnyapara wa Miguu Minne

Mwezi Aprili mwaka 2015, idara ya usafiri wa barabara ya Uskoti iliwatangazia madereva wa barabara kuu ya M74 kwamba kulikuwa na msongamano karibu na Abington kwa sababu mbwa alikuwa ametwaa usukani wa trekta. Ikaongeza papo hapo kwamba haitanii. Mbwa mwenyewe aliitwa Don, kazi yake kuchunga kondoo. Baadaye ikajulikana kwamba chombo kilikuwa kigari cha shambani, kwamba Don alikuwa ndani yake akaegemea mahali asipopaswa kuegemea, na kwamba kigari kilitoka malishoni, kikaingia barabarani na kwenda kukwama kwenye kizuizi cha katikati. Hakuna aliyeumia, na Don alitoka mzima.

Watu walicheka. Waliowahi kufuga mbwa wachungaji nyumbani walicheka kuliko wengine, kisha wakaenda kuhakikisha kwamba funguo za gari zimetundikwa mahali pa juu.

Dada yake mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Ni mzaliwa wa Tanga, ameolewa kaskazini mwa Uingereza, katika mji mdogo ambao ukifika mwisho wa mtaa unaonana uso kwa uso na kondoo. Mumewe ni shemeji mpole, hajawahi kugombana na mtu. Siku moja alikwenda kununua mayai kwenye shamba la jirani, akarudi na mtoto wa Border Collie kifuani. Mayai aliyasahau. Mbwa alimwita Moss, maana wachungaji wa huko hupenda majina mafupi, Meg, Roy, Nell, Moss, ambayo yanaweza kuvuka bonde lenye upepo bila kukatika njiani.

Miezi ya mwanzo Moss alikuwa mbwa tu. Alitafuna viatu, alilala, alikojoa kwenye zulia. Kisha akakomaa, na nyumba ikapata mnyapara.

Ilianza siku ya kuzaliwa ya kitinda mimba. Watoto walikuwa wametapakaa bustanini, wakubwa wako ndani wanapakuliwa pilau. Mara kukawa kimya, na kila mzazi anajua kwamba watoto wakinyamaza pana jambo. Shemeji akachungulia dirishani. Watoto wote, pamoja na wa jirani ambao hawakualikwa, walikuwa wamebanana kwenye pembe kati ya kibanda cha zana na mapipa ya taka, na mbele yao Moss amelala kifudifudi, kidevu kwenye nyasi, macho hayapepesi. Hakumgusa mtu. Hakubweka. Mtoto akijaribu kuchomoka upande huu, Moss anasogea nusu hatua upande huo, na mtoto anarudi mwenyewe kundini. Wala hawakujua kwamba wamekamatwa. Walidhani wanacheza, mpaka mmoja alipotaka kwenda msalani akanyimwa ruhusa.

Jicho lile lina historia. Mwaka 1893, Northumberland, kwenye mpaka wa Uingereza na Uskoti, mfugaji Adam Telfer alipandisha dume mpole aitwaye Roy na jike mwenye jicho kali aitwaye Meg. Akazaliwa Hemp, ambaye leo huitwa Hemp Mzee. Mbwa wengi wa kondoo wa zama hizo walifanya kazi kwa kelele na meno. Hemp alifanya kwa kunyamaza: alijikunja, akakodoa, na kondoo wakaelewa. Wachungaji wakagombania damu yake, na Border Collie karibu wote wa leo wana chembe ya ukoo wake. Hiyo ilikuwa miaka 20 tu baada ya mashindano ya kwanza ya mbwa wachungaji yanayojulikana katika visiwa vya Uingereza, yaliyofanyika Bala, Wales, mwaka 1873, ambako ushindi ulichukuliwa na Mskoti na mbwa wake Tweed. Wenyeji wa Wales walivumilia.

Mwanabiolojia wa Marekani Raymond Coppinger, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mbwa wa kazi, alieleza kinachoendelea ndani ya kichwa cha mnyama huyu. Mbwamwitu anapowinda hupita hatua kwa hatua: anatafuta, anakodoa, ananyatia, anakimbiza, anakamata, anaua, anararua. Wafugaji wa mbwa wachungaji, kizazi baada ya kizazi, walikuza zile hatua za mwanzo na kuzififisha za mwisho. Kwa maneno mengine, Moss anawawinda watoto wa dada kila siku ya Mungu, ila hajaambiwa kwamba mwisho wa shughuli huwa ni mlo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili lina ugeni wake. Kwetu kundi huongozwa na mtu mwenye fimbo na mluzi. Mbwa wa boma la Kimaasai anategemewa zaidi kupiga kelele usiku fisi au simba anapokaribia. Kuwapanga ng'ombe ni kazi ya vijana. Ajabu ni kwamba mbwa mchungaji maarufu kuliko wote amejaa mijini kwetu na hakuna anayemtambua kwa kazi yake. Ni huyu German Shepherd, anayejulikana na wengi kuwa mbwa wa polisi. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona dume mmoja kwenye maonyesho ya mbwa, akamnunua, akampa jina la Horand von Grafrath, na huyo ndiye wa kwanza kuandikishwa katika daftari la aina hiyo. Kazi ya wazee wake ilikuwa kuwa ua unaotembea: kwenda na kurudi kutwa nzima pembezoni mwa malisho ili kondoo wasile mazao ya watu. Sasa mtazame anayekaa nyuma ya geti lenye kibao cha “Mbwa Mkali” mjini Nairobi au Dar es Salaam, jinsi alivyochimba kinjia kando ya ukuta kwa kwenda na kurudi. Watu husema anazuia wezi. Huenda anazuia kondoo, ambao kwa kweli hawajawahi kuingia.

Vyeo havimzuii. German Shepherd wa Rais Joe Biden, aliyeitwa Commander, aliishi Ikulu ya Marekani hadi mwaka 2023, na nyaraka za kikosi cha walinzi wa rais zilizotolewa baadaye zilitaja matukio yasiyopungua 24 ya walinzi kung'atwa. Wanaume wenye bastola na visikilizio masikioni walishauriwa kumpisha mbwa. Mwisho ikabidi ahamishwe.

Huko Uingereza, Malkia Elizabeth II alifuga Corgi zaidi ya 30 katika maisha yake, kuanzia Susan, zawadi ya kutimiza miaka 18. Watu huwaona wale mbwa wafupi wakadhani ni mapambo ya kasri. Corgi ni mchunga ng'ombe. Ufupi wake ni wa kazi: anang'ata kisigino cha ng'ombe kisha anajilaza, teke linapita juu. Mwaka 1991 Malkia aliingilia ugomvi wa mbwa hao akashonwa nyuzi 3 mkononi. Kama mwenye taji hakusikilizwa, shemeji wa watu angesikilizwa na nani?

Naye mbwa wa ng'ombe wa Australia, aliyechanganywa na damu ya dingo huko New South Wales katika karne ya 19, ana jino la kisigino kali zaidi. Tangu mwaka 2018 anajulikana na watoto wa dunia nzima kupitia katuni ya Bluey, ambamo familia yake inaishi kwa adabu, inacheka na kula mezani. Watoto wa dada wanaipenda sana. Wanaitazama wakiwa wamekunja miguu juu ya kochi.

Haimaanishi kwamba kila mbwa wa ukoo huu ni mnyapara. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, uligundua kwamba aina ya mbwa inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Dada anausadiki, kwa sababu jirani wa mkono wa kushoto ana Border Collie ambaye kazi yake ni kulala kwenye ngazi hadi watu wamruke. Dada humwangalia kwa wivu. Yeye ameangukiwa na ile 9.

Halafu kuna akili, ambayo watu huisifu kabla hawajaishi nayo. Huko Spartanburg, South Carolina, profesa mstaafu wa saikolojia, John Pilley, alimfundisha Border Collie wake Chaser majina ya vitu vya kuchezea 1,022, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Alimfundisha saa nne hadi tano kwa siku, miaka mitatu. Profesa mwenyewe alilazimika kuandika jina juu ya kila kitu kwa kalamu ya wino, maana yeye hakuweza kuyakumbuka.

Nyumbani kwa dada hakuna aliyemfundisha Moss kitu, na hapo ndipo tatizo lilipo: amejifundisha. Neno la Kiingereza la kutembea lilipotamkwa, hata kwenye taarifa ya habari, alikwenda mlangoni na kamba mdomoni. Wakahamia Kiswahili. “Matembezi” likadumu kwa muda mfupi sana. Dada akajaribu kulitaja kwa herufi, moja moja, kwa sauti ya chini. Moss akajua herufi tatu za kwanza zinatosha. Siku hizi mume na mke huulizana, “Je, lile jambo?” na huku wameangalia dari, na bado yuko mlangoni, kwa sababu kumbe haangalii midomo tu, anaangalia ni soksi zipi shemeji amevaa.

Kitasa cha mlango wa jikoni ni cha kubonyeza chini, na hicho alikimudu mapema. Jokofu halikuchukua muda. Mashine ya kufua ikizunguka hulala mbele yake akisubiri nguo zitoke kwa mpangilio. Ile mashine ndogo inayojiendesha yenyewe kufyonza vumbi, waliyonunua kwa ajili ya manyoya yake, aliichunga hadi ikaingia chini ya kabati ikazima. Akaketi hapo kuilinda isitoroke.

Shemeji, akitafuta njia rahisi ya kumchosha, alileta kile kitochi chenye nukta nyekundu wanachochezea paka. Mwandishi analazimika kuwa mkali kidogo hapa: usifanye hivyo. Mbwa wa jicho hili huweza kunaswa na mwanga na vivuli asitoke tena, na madaktari wa mifugo huonya dhidi yake kwa sababu nukta haikamatiki, kazi haiishi. Moss alianza kuchunga mng'ao wa saa ya mkononi ukutani. Kitochi kikatupwa, ikachukua majira mazima kumsahaulisha, na hadi leo shemeji huvua saa kabla ya kuketi mezani jua linapopiga.

Jingine lisilochekesha ni dawa ya minyoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington waliripoti mwaka 2001 hitilafu ya kinasaba ambayo baadhi ya mbwa wa ukoo wa kolii wanayo, inayofanya dawa ya ivermectin ipenye hadi kwenye ubongo na kuwadhuru vibaya. Wafugaji wengi wa kwetu wanaijua dawa hiyo, huwachoma ng'ombe na mbuzi. Moss ana mazoea ya kuonja mavi ya kondoo anapopita malishoni, na kondoo hao hupewa dawa za minyoo. Alipimwa, akaonekana hana hitilafu hiyo. Mazoea hayakupimwa.

Kila mwenye mbwa wa aina hii hushauriwa: mkimbize achoke. Dada na mumewe walifuata ushauri. Walimtembeza saa moja asubuhi na saa moja jioni, mvua inanyesha, maana huko mvua hunyesha. Baadaye wakaongeza. Kilichotokea ni kwamba Moss alipata pumzi ya mwanariadha, na shemeji akapata maumivu ya goti. Mkufunzi wa mbwa aliyeitwa kuokoa jahazi aliwaambia jambo walilopaswa kuambiwa dukani, yaani pale kwenye mayai: mbwa mchungaji hufundishwa kupumzika kama anavyofundishwa kazi. Na kwamba dakika 20 za kutafuta vitu vilivyofichwa zinamchosha kuliko kilomita kumi za kukimbia.

Basi hali ikiwa hivyo, mama akaja kutoka Tanga.

Mama ni mtu wa pwani. Kwake mbwa ni kiumbe wa nje ya ua. Tena ni mtu wa ibada, na Waislamu wa pwani, wanaofuata madhehebu ya Shafi, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Dada alijiandaa: chumba cha juu kikawa cha Bibi na msala wake, kikawekwa kizuizi kwenye ngazi, na Moss akaelezwa kwamba juu hakumhusu. Alielewa. Hakukanyaga hata ngazi ya kwanza.

Ila hesabu yake ya watu wa nyumba ilikuwa imeongezeka, na huyu mpya alikuwa na tabia ya kukaa mbali na wenzake. Kila mama aliposhuka, Moss alizunguka kwa mbali, akatokea nyuma, akajikunja na kukodoa. Hakumgusa hata upindo wa kanga. Mama akisimama, anasimama. Mama akigeukia jikoni, yupo jikoni. Palibaki njia moja tu iliyo wazi, nayo ilielekea sebuleni walikokaa wengine.

“Mwanangu,” mama aliita siku ya kwanza, anatembea huku hataki, “huyu mbwa ananipeleka wapi?”

“Anataka ukae na wenzio, Mama.”

“Mwambie mimi si mbuzi wake.”

Akakaa hata hivyo, akamtazama Moss naye akamtazama. Ni yeye aliyempa cheo. Marehemu baba yake alikata mkonge katika mashamba ya Tanga, na mama aliwaona wanyapara akiwa mtoto. “Yule mzuri hakupigi,” alisema. “Anasimama pale anakutazama, na wewe mwenyewe unashika panga.”

Kwa kuwa alimwelewa, alimtatulia shida yake. Mnyapara anataka hesabu itimie, basi. Mama akaamuru kwamba baada ya Magharibi watu wote wawe sebuleni, simu zikae chini, mlango ufungwe. Moss alipita akawahesabu, akapumua kwa nguvu, akajitupa mlangoni akalala usingizi wa kukoroma. Dada hakuwahi kumwona amelala saa hiyo. Aliyeumia ni shemeji, ambaye kwa miaka alikuwa anaikwepa tamthilia ya wanawake kwa kwenda kusikiliza mpira kibandani. Kila alipoinuka, jicho moja mlangoni lilifunguka.

Mama alipoondoka, shemeji aliona afadhali Moss apelekwe kwa kondoo wa kweli. Mkufunzi mmoja ana kundi dogo la kondoo wa Herdwick, wale wa milima ya Cumbria wenye manyoya ya kijivu na nyuso nyeupe, wasiotishika kirahisi. Familia nzima ikaenda kushuhudia damu ya Hemp ikifanya kazi. Moss akaachiwa. Akajikunja vizuri, akakodoa vizuri. Jike mmoja mzee akainua kichwa, akapiga kwato chini mara moja, akaanza kumjia, taratibu. Mnyapara wa watoto wanne, bibi yao na mashine ya kufyonza vumbi akageuka, akapita katikati ya miguu ya shemeji, na walimkuta chini ya gari.

Mkufunzi hakushangaa. Alisema huwaona wengi waliozoea binadamu, ambao ni mifugo rahisi.

Walirudi juma lililofuata na lililofuata, na Moss akajifunza: kwenda upande wa mishale ya saa, kwenda kinyume chake, kulala chini, na ile amri iliyo ngumu kuliko zote, ya kuacha kazi. Sasa yule jike mzee humpisha, kwa dharau lakini humpisha. Akirudi nyumbani hulala bila kuhesabu mtu. Watoto nao wamezijua amri zote. Mkubwa wao amegundua kwamba akimpigia Moss mluzi mmoja na kuonyesha ngazi, wadogo zake huletwa chini kuoga, kwa mpangilio, bila yeye kuinuka kwenye kiti. Dada amelikemea jambo hilo mara kadhaa, ingawa si siku za shule.

Kilichobaki ni mjadala wa mbwa wa pili. Shemeji anadai Moss anahitaji mwenzake wa kumpunguzia kazi. Mkufunzi ameonya kwamba mbwa wa pili hujifunza kila kitu kutoka kwa wa kwanza, kuanzia kitasa. Kura ya familia ilipigwa mezani: watoto wote na baba yao wakakubali, dada akakataa na akatangaza kwamba kura yake ndiyo yenye uzito. Mama alipigiwa simu Tanga asuluhishe. Akauliza kwanza kama Moss bado anafunga mlango wa sebule baada ya Magharibi, akaambiwa ndiyo, akasema yeye hana la kusema, ila mnyapara mmoja hawezi kutazama milango miwili. Wakati makala haya yanakwenda mitamboni, shemeji ameaga kwamba anakwenda shambani kununua mayai, na watoto wameshakubaliana jina: Nell.